Adhuhuri Moja Chicago Theatre

Majira ya baridi ya mwaka 2014, nilipokwenda Marekani kumtembelea mpwa wangu, jambo pekee nililomwomba ni anipeleke State Street mjini Chicago, katika jumba la zamani la senema liitwalo Chicago Theatre, ambako mgeni hukata tiketi akazungushwa ndani ya jengo bila ya kuwapo onyesho lolote. Mpwa wangu aliondoka Unguja akiwa mdogo na hakuwahi kuziona senema zetu zikiwa hai, hivyo hakuficha mshangao wake. "Mjomba, yaani tunalipa ili tukaangalie viti vitupu?" Nikamwambia avae koti twende.

Tulisimama kwanza ng'ambo ya barabara, kwa sababu uso wa jengo lile hauonekani sawasawa kwa karibu. Watu wengi hupiga picha bango la wima lenye herufi za jina la mji, moja chini ya nyingine, lenye urefu unaokaribia ghorofa sita, kisha wakaenda zao. Nyuma ya bango hilo limo tao kubwa lililoigwa kutoka Arc de Triomphe ya Paris, lililovikwa vigae vyeupe vya udongo wa kuchoma, na ndani ya tao mna dirisha la vioo vya rangi. Nilimwonyesha mpwa wangu nembo iliyomo dirishani: farasi wawili wameuma utepe, na utepe wenyewe, ukiukazia macho, ni mkanda wa senema. Ni nembo ya Balaban na Katz, wafanyabiashara waliolijenga jumba hilo, ambao hawakuona ajabu kujitungia alama kama ya ukoo wa kifalme ilhali kazi yao ilikuwa kuuza tiketi. Mpwa wangu alitikisa kichwa tu, kwani baridi ilikuwa imemshika.

Ndani tulipokewa na mama mmoja wa makamo aliyetuongoza. Alitueleza kwamba jumba lilichorwa na ndugu wawili, Cornelius na George Rapp, na kwamba liligharimu dola milioni 4, fedha za kutisha kwa wakati ule. Sebule ya kuingilia imekwenda juu ghorofa tano kwa mfano wa kanisa la kifalme la Versailles, na ngazi kuu imefuata ile ya jumba la opera la Paris. Nilipanda taratibu, mkono juu ya ukingo wa ngazi, nikawaza kwamba karani au mshona viatu aliyeingia humo kwa senti chache alipandishwa ngazi ile ile kama balozi, akiongozwa na vijana waliovaa sare, waliofunzwa kumwita kila mtu bwana au bibi na waliokatazwa kupokea bakshishi. Sikuona kwamba hiyo ilikuwa hila tupu ya biashara, ingawa biashara ilikuwamo. Hata hewa iliuzwa: Barney Balaban aliwahi kufanya kazi katika kampuni ya maghala ya baridi, akajua namna ya kupoza ukumbi, na wakati wa joto wapo walioingia kwa ajili ya ubaridi kuliko picha.

Tulipofika ukumbini penyewe, wenye viti kama 3,600 vilivyopandana hadi karibu na dari, mpwa wangu alinyamaza. Mama yule alituonyesha kinanda cha Wurlitzer kilichokuwa kikisindikiza picha enzi ambazo picha hazikuwa na sauti, kisha akataja kwamba milango ilifunguliwa Oktoba 1921.

Mwaka huo ndio ulionishtua. Mwaka 1921 ndipo pia ilipofunguliwa Royal Cinema pale Vuga, mjini Unguja, mali ya Hassanali Adamjee Jariwalla, ikiwa imechorwa na John Sinclair, Mwingereza yule yule aliyetuachia jumba la makumbusho la Beit el Amani. Kwa hiyo Unguja haikungoja kuletewa makombo. Ilijenga jumba lake mwaka ule ule. Baadaye Royal iliungua, na mwaka 1955 ikasimama Majestic mahali pake, kazi ya Dayalji Pitamber Sachania, yenye uso wa mistari mitupu usio na mapambo ya kale. Marehemu bibi yangu hakuikubali kamwe. Hadi anafariki aliiita Royal.

Chicago Theatre nayo ilinusurika kubomolewa. Ilifungwa mwaka 1985, na mwaka uliofuata ikafunguliwa upya kwa onyesho la mwimbaji Frank Sinatra. Nyuma ya jukwaa tuliona kuta zilizojaa saini za wasanii, moja juu ya nyingine. Nilizipita haraka, kwa kuwa mawazo yangu yalikwisha rudi Vuga.

Tulipotoka nilimsimulia mpwa wangu habari za Royal na Majestic, na jinsi sikukuu ya Idi ilivyojaza watoto mlangoni tangu asubuhi.

"Na bibi, aliwahi kuingia?" akauliza.

"Akienda siku za wanawake peke yao," nikamjibu. "Buibui zikivuliwa mle ndani, harufu ya asumini ikawa inatoka hadi barabarani."

Nilikuwa nimeanza kuelekea kituo cha treni niliposikia, "Mjomba, subiri kidogo." Alikuwa amevuka tena barabara, amevua glavu, akiipiga picha nembo ya wale farasi.