Bima ndogo "isiyolipa" ilivyonilipa

Kila aliyekuja kunijulia hali baada ya kugongwa na gari aligeuka wakili. Mguu umefungwa P.O.P, umelazwa juu ya mto, na mgeni hata juisi ya ukwaju hajaimaliza, keshaanza: "Gari lile lina bima ndogo tu, hiyo hailipi. Chukua za mwenye gari yaishe." Katika wote hao, hakuna hata mmoja aliyewahi kudai. Bima ndogo haimnunulii mwenye gari taa yake iliyovunjika. Kazi yake ni kumlipa mtu wa nje aliyegongwa, na ndiyo maana sheria inalazimisha kila gari liwe nayo.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, na kama watu wengi wa Tanga naenda kazini kwa baiskeli. Gari dogo lilichomoka barabara ya pembeni bila kusimama, likanipiga ubavuni, mfupa wa muundi ukavunjika. PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, akanichukulia mdogo wangu, nikatibiwa hospitali ya Bombo.

Mwenye gari alikuja nyumbani na mkewe, sukari kilo mbili na bahasha. Ndani laki tatu, na karatasi iliyokunjwa ya kusaini kwamba tumemalizana. Kila baada ya neno ananiita mama. "Mama, bima yangu ilikwisha wiki iliyopita, mama, tusifikishane mbali." Mpwa wangu kakaa mlangoni na simu yake, nami nikidhani anachati. Kumbe kaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa kuhakiki bima wa TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima! Akaja akaniinamia, anajifanya ananiweka mto vizuri: "Shangazi, iko hai. Na kampuni yenyewe hii hapa." Sukari nikapokea, bahasha ikarudi na karatasi yake. Ile karatasi ningeisaini, kampuni ingenionyesha mimi mwenyewe saini yangu.

Polisi nilifuatilia ramani ya ajali, PF 90 ambayo ni ya ukaguzi wa gari, na PF 115 ambayo ni ripoti ya mwisho. Dereva alikiri kosa mahakamani, akapigwa faini, nami nikaomba nakala ya hukumu. Baada ya hapo hakuna wa kuniambia kwamba baiskeli ndiyo iliyolifuata gari. Bajaji na kutoa kopi zilinila, sijui elfu themanini, sijui laki. Kopi toeni mbili mbili, maana zinapotea mezani kwa watu.

Sasa njooni kwa shemeji yangu, ambaye ana rafiki kila ofisi. Alileta bwana mmoja wa kufuatilia madai. Ofisi hana, ana mkoba. Anataka theluthi ya malipo, na elfu hamsini ya kuanzia, ambayo shemeji aliitoa mfukoni mwake kwa mbwembwe. Barua aliyoiandika sasa! Milioni mia mbili, Kiingereza kitupu, na mle ndani mimi nimekatwa mguu. Mpwa wangu aliponitafsiria nikamuuliza shemeji, "Na huu ninaoukuna ni wa nani?" Akasema barua za madai ndivyo zinavyoandikwa, lazima zitiwe chumvi. Nikawakataza, wakaipeleka kinyemela. Kampuni ikajibu mistari miwili: leteni ripoti ya daktari aliyekata. Bwana wa mkoba hakupatikana tena kwenye simu.

Mimi nikaandika yangu, Kiswahili, ukurasa mmoja, nikaambatanisha nakala zote. Ripoti ya daktari nilingoja mpaka mfupa ukaunga na yeye akaweza kuandika asilimia ya ulemavu uliobaki. Ukikimbilia kudai ungali na P.O.P, utalipwa dawa na bandeji tu.

Kampuni ya bima wakanipa ofa ya milioni moja na kitu. Kijana wa madai, mpole sana, shikamoo yake ya heshima, akaniambia: "Mama, tumezingatia kwamba kushona ni kazi ya mikono."

Nikamwambia, "Mwanangu, vua kiatu."

Akacheka. Nikaliweka faili nene sakafuni, chini ya meza yake. Weka mguu hapo. Kisigino chini, vidole chini, kisigino, vidole, usiache, na huku unichoree mstari ulionyooka kwenye hiyo karatasi. Wenzake wakasimama kutazama. Mstari ulianza kupinda mapema tu, naye akaanza kujishika muundi. Nikamwambia mimi hufanya hivyo tangu asubuhi mpaka magharibi, na msimu wa Idi mpaka usiku.

Halafu nikatoa daftari la vipimo. Fundi wa Ngamiani hana risiti, lakini daftari analo: jina, kifua, kiuno, urefu, kalipa ngapi, kabakisha ngapi, anachukua lini. Kurasa za kabla ya ajali zimejaa mpaka pembezoni. Za baada yake nyeupe, isipokuwa majina ya waliokuja kudai vitambaa vyao na advansi zao. Akalitoa kopi daftari zima.

Kisha kimya. "Tutakupigia, mama." Kesi ya kuumizwa namna hii ina miaka 3 ya kufunguliwa mahakamani, na hao wa tutakupigia wanajua kuhesabu. Nikaandika barua ya kuulizia, fupi, na chini kabisa nikaweka mstari mmoja: Nakala kwa Kamishna wa Bima, TIRA. Na nakala nikaituma kweli. Ningekwama tena, ningekwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Haikufika huko, maana simu waliyokuwa hawapigi ililia.

Wakapanda hadi nne, nikakataa, tukamalizana kwenye saba na ushee. Hati ya kukubali malipo niliomba nikaisomee nyumbani, kwa sababu imeandikwa ni malipo kamili na ya mwisho: ukishaisaini, hata mguu ukivimba mwakani hawakujui.

Hela ziliingia benki. Nimefunga mota kwenye cherehani, mguu umepumzika, ila bili ya umeme nayo ina yake. Shemeji bado anashikilia kwamba tungeiachia barua yake ifanye kazi tungepata zaidi, na elfu hamsini yake anaidai kwangu.