Sekunde 9 kila saa

Mwenzangu wa kazini alinipigia simu saa tisa na robo alasiri. "Dada, mashine imenikatalia tena." Asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa ameingia bila shida yoyote. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo, na mambo yalikwenda vilevile kila siku: tukiiwasha saa mbili asubuhi, ile nambari ya kuingilia ya tarakimu 6 inayotolewa na simu inakubaliwa. Ikikaribia saa saba mchana inaanza kukataliwa mara mojamoja. Alasiri haikubaliwi kabisa. Ukiizima mashine na kuiwasha upya, inakuwa kama hakuna kilichotokea.

Mashine yenyewe ni seva tunayohifadhia kumbukumbu, na kwa makusudi haikuunganishwa na intaneti. Nambari zile hubadilika kila sekunde 30. Simu na seva huzikokotoa kila moja kivyake, kwa siri moja wanayoijua wote wawili na kwa saa ya kila mmoja. Seva yetu huvumilia nambari moja iliyopita na moja inayofuata. Saa zikiachana kwa dakika nzima, hawaelewani tena. Kwa hiyo nilijua shida ni saa. Swali lilikuwa: saa ipi?

Maana kompyuta ina saa mbili. Ya kwanza iko kwenye ubao mama, inalishwa na kile kibetri cha duara, CR2032, na inaendelea kutembea hata umeme ukikatwa. Ya pili haina kifaa chake yenyewe: mfumo ukiwaka husoma saa ya betri mara moja, kisha unaanza kujihesabia wenyewe kwa kufuata mapigo ya prosesa. Hiyo ya pili ndiyo unayoiona kwenye kioo, na ndiyo programu zote zinaiamini.

Mwenzangu alisema ni betri. Ndiyo dhana ya kwanza ya kila mtu, na mara nyingi ni sahihi. Lakini betri iliyokufa ina dalili zake: unawasha mashine unakuta imerudi mwaka wa zamani, na mipangilio ya BIOS, ile programu ya kuiwashia mashine, imepotea. Kuna na dalili nyingine inayochanganya watu, saa kuwa mbele au nyuma kwa saa moja, mbili au tatu kamili bila dakika za ziada. Hiyo hutokea mifumo miwili ikikaa kwenye mashine moja, mmoja ukiisoma saa ya betri kama saa ya mahali ulipo, mwingine kama saa ya dunia. Yetu haikuwa na dalili hata moja kati ya hizo. Hata hivyo niliipima betri, ikasoma volti 3.1. Nzima.

Hapo nikachukua daftari. Ningependa kila fundi awe na daftari kabla ya kuwa na bisibisi, kwa sababu saa mbovu haielezeki kwa neno "inachelewa". Inachelewa kiasi gani? Kwa muda gani? Ikiwa imewashwa au imezimwa? Siku mbili nzima nilisimama mbele ya ile mashine kila baada ya saa moja, nikaandika safu tatu: saa ya simu yangu, saa ya mfumo, na saa ya betri niliyoisoma kwa amri ya hwclock.

Safu ya betri na safu ya simu zilikwenda pamoja kutwa. Safu ya mfumo ilibaki nyuma: sekunde 9, 18, 27, 36. Siku ya pili, zilezile. Nilizitazama namba zile kwa muda mrefu, kwa sababu kitu kinachougua huyumba, na hiki hakikuyumba hata kidogo.

Sekunde 9 kwa saa ni nyingi mno kwa kosa la fuwele, kile kijiwe kinachotetemeka ili saa ipate mwendo. Fuwele ya saa ya betri hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, namba iliyochaguliwa kwa kuwa ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na 1. Hupenda joto la nyuzi 25 hivi. Ukiipa joto zaidi au baridi zaidi inapunguza mwendo. Lakini fuwele ya kawaida ikikosea sehemu 20 katika milioni, hiyo ni chini ya sekunde 2 kwa siku nzima. Sisi tulikuwa tunapoteza sekunde 216 kwa siku.

Nikagawa 9 kwa 3,600. Jibu: 0.0025. Robo ya asilimia, kamili. Namba safi namna hiyo haitoki kwenye uchakavu. Inatoka kwenye hesabu ya mtu.

Nikafungua kumbukumbu za kerneli, yaani programu ya msingi ya mfumo. Wakati wa kuwaka iliandika kwamba prosesa inapiga megahezi 2,500.000, yaani mapigo milioni 2,500 kwa sekunde. Sufuri tatu baada ya nukta! Mashine iliyopima kweli hupata vipande vya desimali. Hii haikuwa imepima, ilikuwa imeamini namba iliyotangazwa na mtengenezaji. Na namba ya kweli ilikuwa chini yake.

Iko chini kwa sababu njema, na hili ndilo lililonivutia kuliko yote. Saketi inayopiga kwa kasi moja isiyobadilika hutoa mawimbi ya redio yaliyorundikana kwenye masafa mamoja, na yanaweza kuvuruga vifaa vya jirani. Waundaji hutetemesha kasi ile kidogo ili nguvu isambae. Maji yaleyale ukiyamwaga mahali pamoja yanachimba shimo, ukiyanyunyiza hayachimbi. Na kwa kuwa hawataki prosesa ivuke kasi iliyoidhinishwa, huitetemesha kuelekea chini tu, kwa mfano hadi nusu asilimia. Wastani wake unaangukia robo asilimia chini ya namba iliyotangazwa. Ile robo yangu.

Unaweza kuuliza kwa nini nisiiunganishe tu na seva ya kuipa saa sahihi ndani ya mtandao wetu. Nilijaribu. Programu ya ntpd, inayolinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao, inakubali kurekebisha mwendo wa saa hadi sehemu 500 katika milioni, yaani sekunde 43 kwa siku. Sisi tulihitaji 2,500. Ikashindwa kuivuta polepole, ikawa inairusha mbele kila baada ya dakika chache, na kumbukumbu zetu zikajaa matundu ya muda. Kwa mashine ya kumbukumbu, hilo ni baya kuliko kuchelewa.

Kwenye BIOS yetu hakukuwa na sehemu ya kuzima ule mtetemo. Nikaiamuru kerneli iache kuhesabu mapigo ya prosesa, kipimo kiitwacho tsc, ihamie hpet, kihesabio kingine kilicho nje ya kiini cha prosesa. Tofauti ikakoma saa ileile. Kukisoma hicho ni polepole zaidi, jambo ambalo kwetu halina uzito, ingawa kwa seva inayoandika matukio maelfu kwa sekunde nisingependekeza likae hivyo. Wiki iliyofuata tuliweka kerneli mpya, ambayo haiamini namba iliyotangazwa bila kuipima. Nikairudisha tsc, nikawasha, nikasoma: megahezi 2,493.7 na ushei.

Siku hiyo nilirudi na daftari saa tisa alasiri. Safu ya simu, safu ya mfumo, safu ya betri, zote tatu zilikuwa sawa. Mwenzangu akaandika nambari yake mara ya kwanza, akaingia.