Kabla fundi hajaifungua nguvu pikapu yako

Siku hizi hapa Arusha ukiwa na pikapu ya diseli hutakosa mtu wa kukwambia nguvu ya gari yako imebanwa kiwandani, ilete tuifungue, unasubiri kidogo tu unaondoka na mnyama. Na kweli imebanwa, hilo sibishi. Ila watu wanatoa hela bila kuuliza imebanwa wapi na inamlinda nani, na jibu mara nyingi ni gia boksi.

Chukua Hilux ya injini ya 1GD lita 2.8 iliyoanza 2015. Ya manyuo ina toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 420, otomatiki Nm 450, injini ni ileile. 2020 otomatiki wakaipandisha hadi 500, tabo (ile feni inayosukuma hewa kwenye injini) na mfumo wa mafuta wakavigusa pia, manyuo wakaiacha palepale 420. Kwangu mimi hiyo inasema kila kitu, injini inaweza zaidi lakini namba ya mwisho inapangwa kwa kuangalia kinachobeba hiyo nguvu kuipeleka kwenye matairi.

Sasa elewa inavyofanya kazi. Pedeli ya hizi diseli haigusi mafuta kabisa, ukikanyaga unatuma ombi tu, nataka toki kiasi hiki. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inalichukua ombi lako inalipima na mipaka yake, kuna mpaka wa moshi kulingana na hewa iliyoingia, kuna wa joto, kuna wa gia uliyopo, kuna ule ambao gia boksi yenyewe inaomba injini ipunguze toki kidogo wakati inabadilisha gia, halafu inafuata ile namba ndogo kuliko zote. Ndio maana fundi akipandisha ramani ya pedeli peke yake, yaani mpangilio wa ukikanyaga kiasi hiki unaomba toki kiasi gani, gari inaonekana nyepesi, ukigusa kidogo inaruka, lakini kanyaga mpaka chini kwenye mlima uone, ni ileile ya jana.

Kinachoniuma zaidi ni vile viboksi vya kuchomeka. Kinakaa kati ya sensa ya presha ya reli (bomba la mafuta linalolisha nozeli) na kontroli boksi, kinadanganya presha iko chini, basi inaongezwa, nozeli zinamwaga mafuta mengi kwa muda uleule na gari inavuta kweli. Lakini kwenye hesabu ya kontroli boksi toki haijaongezeka, na hesabu hiyohiyo ndiyo inayotumwa kwa gia boksi ya otomatiki ili ijue ibane klachi zake za ndani kwa presha gani ya oili. Ni sawa na kumtwisha mtu gunia la kilo 100 umemwambia ni la 70. Klachi zinaanza kuteleza taratibu, oili inaungua, inakuwa nyeusi inanuka, halafu unasikia mtu anasema otomatiki hazifai kwa mzigo!

Wamarekani haya walishayapitia na pikapu zao za Chevrolet zenye gia boksi ya 4L60-E. Watu walikuwa wanafuta kabisa ule mpunguzo wa toki wakati wa kubadilisha gia, gari inapiga gia kwa kishindo, raha tupu, na baadaye klachi ya gia ya tatu na nne inaondoka, ambayo hata kwenye gari isiyoguswa inajulikana ni dhaifu.

Kwetu huku kuna na suala la mwinuko, na hili naona mafundi wengi wanalipita tu. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, ukingo wa Ngorongoro ni zaidi ya 2,200, hewa ni nyepesi kwa hiyo tabo inazunguka kwa kasi zaidi ili itoe presha ileile. Kontroli boksi inajua hilo, inapima hewa ya nje na kupunguza nguvu kidogo kuilinda tabo. Sasa mtu ananunua mtandaoni faili la mipangilio ya kontroli boksi limeandikwa kwa gari za usawa wa bahari, mpaka wa mwinuko umeondolewa, anabeba saruji anapanda mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu mguu chini, tabo ikifa analaumu diseli.

Mimi siko kinyume na remapu, huko kuandika upya mipangilio ya injini, aisee, ikiandikwa vizuri ni kitu kizuri sana, hasa kwa anayevuta mzigo. Ila iandikwe ndani ya kontroli boksi yenyewe, mipaka ipandishwe pamoja na ile hesabu ya toki irekebishwe ili gia boksi iambiwe ukweli. Mpunguzo wa wakati wa kubadilisha gia uachwe, na mpaka wa gia ya kwanza na ya pili pia uachwe, huko toki inazidishwa sana na shafti na difu ndizo zinazoumia. Kwa manyuo klachi ndiyo itakuonyesha mapema, mshale wa mzunguko wa injini unapanda spidi haipandi, hapo punguza au funga klachi ngumu zaidi.

Na dai faili lako la awali kwenye flashi kabla hajaandika chochote. Oili ya gia boksi ibadilishwe kwanza, ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, halafu baada ya safari za mzigo irudi ikaguliwe rangi na harufu.