Ruta ya nyumbani Nzuguni, Dodoma: kumbukumbu ya wiki tatu za kurekebisha waifai

Jumamosi ya kwanza

Mwezi uliopita bando liliisha tarehe 18. Mwezi wa kabla yake liliishia tarehe 22, na kabla ya hapo lilikuwa linafika mwisho wa mwezi na kusaza. Nyumbani hatujaongezeka, na televisheni haiwashwi zaidi ya zamani. Kilichoninyanyua, hata hivyo, si bando. Mke wangu ni wakala wa pesa za simu, kibanda chake kipo mbele ya nyumba, na simu yake ya kazi pamoja na kompyuta ya hesabu zinatumia waifai hii hii. Kama kuna watu ndani ya mtandao wetu nisiowajua, basi wapo chumba kimoja na hesabu zake.

Ruta ni ya laini ya 4G, imekaa juu ya friji tangu fundi alipoifunga miaka miwili iliyopita. Niliigeuza nikakuta kibandiko chenye jina la mtandao, nywila ya kiwandani, na chini yake anwani ya 192.168.1.1 na neno «admin» limeandikwa mara mbili, moja jina la mtumiaji, la pili nywila. Nikaandika anwani ile kwenye kivinjari cha simu, nikaingiza «admin» na «admin», mlango ukafunguka. Miaka miwili nzima! Yeyote aliyeunganishwa na waifai yetu angeweza kufanya nilichofanya mimi.

Ukurasa wa vifaa vilivyounganishwa ulionyesha 15. Vya kwetu navijua: simu yangu, simu mbili za mke wangu, kompyuta ya hesabu, televisheni, tableti ya mtoto wetu Neema na simu ya bibi. Saba. Nilichukua daftari nikachora jedwali, kisha nikawa nazima waifai kwenye kifaa kimoja kimoja na kuangalia ni mstari gani unaotoweka. Kazi ya nusu saa, ila nashauri kila mtu aifanye kwa namna hii, kwa sababu majina yanayotokea pale hayaaminiki. Simu ya mke wangu nilikaribia kuihesabu ya mgeni. Simu za Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 14, hujitungia anwani ya bandia, yaani namba ya kukitambulisha kifaa, kwa kila mtandao, kwa hiyo namba iliyoonekana kwenye ruta haikufanana na ile ya kwenye boksi la simu.

Wanane hatuwajui.

Wazo la kwanza lilikuwa kuwafungia mmoja mmoja kwa anwani zao. Nililiacha usiku ule ule. Ikiwa simu inaweza kujipa anwani mpya, orodha ya waliofungiwa ni ya kukimbizana. Tena mwenye ujuzi anaweza kuiga anwani ya kifaa kilichoruhusiwa. Kinachotakiwa kubadilika ni ufunguo wenyewe.

Jumapili

Nimeanza na nywila ya ukurasa wa ruta, kabla hata ya ile ya waifai. Ndefu, imeandikwa kwenye daftari, na daftari liko kabatini na hati za kiwanja. Nywila za kiwandani si jambo la kuchukulia kawaida. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilivamia kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila zilizotoka kiwandani, kisha vifaa hivyo vikatumika kuzishambulia seva za watu wengine. Wenye vifaa hawakujua lolote, kwao kila kitu kilikuwa kinafanya kazi.

Sasa nywila ya waifai. Fundi aliniwekea namba yangu ya simu ili nisisahau, na wakati ule nilimshukuru. Mtaani kwetu naona ndiyo desturi, kwa hiyo hapa nitaeleza kwa kirefu.

Simu inapojiunga na ruta, vifaa hivi viwili hupeana salamu za ujumbe nne kuthibitisha kwamba vyote vinaijua nywila. Nywila yenyewe haitajwi hewani, lakini mtu aliyeketi nje ya ukuta na kompyuta anaweza kuzinasa salamu hizo, akaondoka nazo, na kukaa kwake akikisia nywila hadi apate inayolingana. Ruta haitajua, maana ukisiaji haufanyikii tena kwetu. Kwa hiyo kinga pekee ni wingi wa makisio anayolazimika kufanya. Namba zetu za simu zina tarakimu 10 na zinaanza na 06 au 07. Zinabaki tarakimu nane, yaani namba milioni 100 kwa kila mwanzo, jumla milioni 200. Kadi nzuri ya picha, ile ya kuchezea magemu makubwa, hujaribu nywila laki kadhaa kwa sekunde. Tuseme laki tano: milioni 200 zinaisha kwa sekunde 400, hazifiki hata dakika saba. Na namba yangu imebandikwa kwenye kibanda cha mke wangu kwa maandishi makubwa, kwa hiyo huenda hata kadi isihitajike.

WPA2, mfumo wa ulinzi wa waifai ambao ruta yetu inautumia, inakubali nywila ya herufi 8 hadi 63. Nilimwita Neema, tukafungua kamusi ya Kiswahili kwa macho yaliyofumbwa mara tano, na kila ukurasa akachagua neno moja kwa kidole. Maneno matano yasiyohusiana, yameunganishwa kwa vistari. Sitayaandika hapa, lakini Neema aliyashika kichwani kabla hatujafunga kamusi kwa sababu yalitengeneza kisa cha ajabu. Hiyo ndiyo raha ya maneno kuliko mchanganyiko wa alama.

Nimebadilisha na jina la mtandao. La zamani lilikuwa jina la ukoo na namba ya nyumba, kama kibao cha barabarani. Jina huingia pia katika hesabu ya kutengeneza ufunguo, ndiyo maana majina ya kiwandani yanayofanana kila mahali hayafai: watu wameshayapigia hesabu zao mapema. Nimechagua jina la ndege. Kuna anayeshauri kuficha jina lisionekane kabisa, mimi sikuona faida. Mtandao uliofichwa bado unatangaza uwepo wake, na simu zako ndizo zinazobaki kuuita kwa jina kila ziendapo.

WPS nimeizima. Ni kile kitufe cha kuunganisha bila nywila, kinachoambatana na namba ya siri ya tarakimu nane. Tarakimu nane zinaonekana nyingi, lakini ya mwisho ni ya kuhakiki zile nyingine, na ruta huijibu namba hiyo kwa vipande viwili: nne za kwanza peke yake, kisha tatu. Kwa hiyo badala ya makisio milioni 100 yanabaki 10,000 na 1,000, jumla 11,000. Udhaifu huu ulitangazwa mwaka 2011 na bado kitufe kipo.

Jaribio lililoshindikana: niliweka WPA3, mrithi wa WPA2, peke yake. Hii ni ya mwaka 2018 na inazuia ule ukisiaji wa nyumbani niliouelezea. Televisheni ikagoma, simu ya bibi ikagoma. Bibi alivumilia saa nzima bila kuongea na shangazi wa Kondoa kwa picha, kisha akaniita: «Baba Neema, nirudishie mtandao wangu, hayo mengine utafanya nikilala.» Nimeweka mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Vifaa vipya vinatumia WPA3, vya zamani vinabaki na WPA2, na uzito wote unabebwa na yale maneno matano.

Jumatatu jioni

Vifaa vilivyounganishwa: saba. Nilikaa nikiutazama ule ukurasa muda mrefu.

Saa mbili usiku hodi mlangoni. Mama Asha, mpangaji wetu wa uani, na kijana wake wa kidato cha nne. Wakasalimu, wakakaa, chai ikaja. Ndipo Mama Asha akasema: «Baba Neema, samahani, mtandao umepotea. Huyu alikuwa anasomea humo masomo ya fizikia, na mtihani ndio huo unakaribia.»

Nywila walipewa na mke wangu mwaka jana, simu moja tu. Kijana aliwapa wenzake wanaokuja kusoma naye, nao walionyeshana ile picha ya miraba ya kuskani ambayo simu hutengeneza yenyewe. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alimfungulia mwenzake mlango kama alivyofunguliwa yeye. Nilijisikia vibaya kwamba nilikuwa nimewaandika kwenye daftari kama «wasiojulikana», na kijana mwenyewe hunisaidia kubeba maji kila yanapokatika.

Niliwaomba wanipe hadi Jumamosi.

Jumamosi ya pili

Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, na yetu inao. Ni jina la pili la waifai lenye nywila yake, linalofika intaneti lakini haliruhusiwi kuviona vifaa vya ndani wala ukurasa wa ruta. Kuna kisanduku cha kuwatenganisha wageni wenyewe kwa wenyewe pia, nimekiwekea alama. Kasi nimeipunguza: video ya somo inapita vizuri, kupakua filamu inachosha. Muda ni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, siku za shule.

Nilihakikisha mwenyewe. Nikaunganisha simu yangu kwa wageni na kuandika 192.168.1.1: kimya. Nikajaribu kuipata kompyuta ya hesabu: kimya. Hapo ndipo nilipompa kijana nywila, kwenye karatasi, nikamweleza kuwa itabadilika kila mwisho wa mwezi na yeye ndiye atakayekuja kuichukua.

Jumanne

Kijana anasema mtandao haufunguki hadi saa tatu usiku. Kwanza nilidhani nimechanganya saa, kwa kuwa ruta inataka saa za kizungu na saa kumi na mbili jioni ni 18:00. Nimekagua, nimeandika 18:00 hadi 22:00 sawasawa. Usiku nilikesha kidogo kuangalia: mtandao ulifungwa saa saba usiku. Umechelewa saa tatu kufunguka na saa tatu kufungwa. Jibu likaja lenyewe: saa ya ruta ilikuwa ya Greenwich, nasi tuko saa tatu mbele. Nimeweka Afrika Mashariki, na leo kijana amefungua vitabu saa kumi na mbili kamili.

Jumamosi ya tatu

Leo ilikuwa zamu ya kuihamisha ruta. Chumba cha nyuma, kwa bibi, simu ilikuwa inasoma nguvu ya -81, na kadiri namba hiyo inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo mazuri. Ruta ilikuwa juu ya friji, sanduku la chuma, nyuma yake ukuta wa tofali za saruji, na kati yake na bibi kuna mlango wa chuma. Nimeifunga ukutani kwenye korido, juu, karibu na kati ya nyumba. Kwa bibi sasa ni -66. Nilipoifungua kuipangusa, matundu ya kupitishia hewa yalikuwa yamejaa vumbi jekundu la huku kwetu. Upepo wa kiangazi wa Dodoma hauachi kitu. Ruta yenye joto husumbua, kwa hiyo kuipangusa nimekuandika kuwa kazi ya kila mwezi.

Kwa programu ya bure ya simu nimehesabu mitandao 17 ya majirani. Mtaa umejaa haraka tangu serikali ihamie huku, na wengi wapo kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Chaneli za huko zimebanana, kila moja inamwagikia kwa jirani zake, na zisizogusana ni 1, 6 na 11 tu. Ruta yetu ilijichagulia 8, ikawa inagombana na walio kwenye 6 na walio kwenye 11 kwa pamoja. Nimeiweka 1, upana wa megahezi 20. Televisheni, ambayo iko hatua chache tu kutoka kwenye korido, nimeipeleka gigahezi 5, kuna nafasi kubwa na mawimbi yake hayavuki kuta nyingi.

Mwisho, kusasisha programu ya ndani ya ruta. Hili niliogopa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ruta inaweza isiamke tena, na wiki hii umekatika mara tatu. Nilinunua betri ndogo ya akiba ya volti 12, nikahifadhi mipangilio yote kwenye kompyuta, kisha nikabonyeza. Dakika sita. Baada ya hapo nilipitia kila ukurasa upya, na nilifanya vyema: WPS ilikuwa imejiwasha. Nimeizima tena, pamoja na kuingia kwenye ruta kutoka nje ya nyumba, na UPnP, inayoviruhusu vifaa vya ndani kufungua njia za kuingiliwa kutoka nje bila kuniuliza.

Leo ni tarehe 27, na bando bado lina GB 9. Wageni waliounganishwa jioni hii ni watatu, wote mezani kwa Mama Asha, nawasikia wakibishana kuhusu lenzi mbinuko. Kibanda cha mke wangu bado kinapata mawimbi hafifu kwa sababu ya kuta za mabati. Nimeshapima waya, mita 14 kutoka korido, na Jumamosi ijayo nitatoboa ukuta.