Cantina mbili kwa siku zinatosha: tulivyozunguka mashamba ya mizabibu Toscana

Baba yangu ana ekari mbili za zabibu Mpunguzi, kusini mwa mji wa Dodoma, na mimi nimeshika mkasi wa kupogolea kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Kwa hiyo dada yangu aliponipigia kutoka Stuttgart, Ujerumani, akasema likizo hii twende Italia, tusiende mijini, tukae mashambani tuone mizabibu, nilikubali hapohapo. Baba alinipa kazi moja tu: "Waulize wanapogoa lini na wanapogoaje. Mengine utanisimulia ukirudi."

Tulichagua Chianti Classico, vilima vya mkoa wa Toscana vilivyo kati ya miji ya Firenze na Siena, tukapanga vyumba viwili kwenye agriturismo nje kidogo ya kijiji cha Radda. Agriturismo si hoteli. Kwa sheria ya Italia mwenye nyumba lazima awe mkulima, na wageni ni nyongeza ya shughuli zake za shamba. Asubuhi unaamshwa na trekta, na jamu ya kifungua kinywa imetoka kwenye miti unayoiona dirishani. Tulilala hapo siku tano bila kuhama, na ningerudi leo ningefanya vilevile.

Kosa letu lilikuwa kwenye karatasi ya ratiba. Dada alikuwa amepanga cantina nne kwa siku ya kwanza. Cantina ndipo mvinyo unapotengenezwa na kutunzwa, na kwenye ramani zote nne zilionekana majirani, kilomita nane hapa, kumi na moja pale. Kumbe barabara za Chianti zinapinda na vilima mwanzo hadi mwisho, na nyingine ni za changarawe nyeupe, wenyewe wanaziita strade bianche, unakwenda pole huku vumbi likikufuata nyuma. Ya kwanza ilikula saa mbili badala ya moja, maana mwenyeji alitutoa shambani kwanza. Ya pili tulifika tumechelewa, tukaonjeshwa mbiombio. Ya tatu tulikuta geti limefungwa, muda wetu ulikwisha na ndani kulikuwa na wageni wengine. Ya nne tulipiga simu kuomba radhi. Usiku nilijaribu kukumbuka ladha ya mvinyo mmoja tu wa siku ile, sikuweza. Iliniuma, kwa sababu najua jasho lililomo ndani ya chupa.

Tukachana karatasi, tukapanga upya: cantina mbili kwa siku, moja saa nne asubuhi, nyingine saa tisa alasiri, katikati chakula cha mchana cha kukaa na kuzungumza.

Na usiende bila kuomba nafasi. Cantina nyingi za huko ni za familia, anayekumiminia ndiye huyohuyo aliyekuwa kwenye mapipa asubuhi. Mimi niliandika barua pepe wiki tatu kabla, tukiwa tunakwenda mwanzoni mwa Juni. Agosti wengi wako likizo, hasa siku za karibu na tarehe 15, na Septemba hadi Oktoba ni mavuno, kila mtu yuko mbioni. Zile barua za kukubaliwa zilinifaa pia kwenye maombi ya viza ya Schengen, niliziambatanisha na karatasi za malazi.

Kwenye barua nilieleza habari za shemeji tuliyekuwa naye safarini. Shemeji yangu ni Mwislamu wa Tanga, hanywi mvinyo wala hali nguruwe, na meza ya kuonjea ya Toscana mara nyingi ina sahani ya soseji kavu za nguruwe. Nilisema mapema, nikauliza kama kuna kitu cha kumwonjesha. Kila mahali walijibu kwa heshima. Alikuta jibini ya maziwa ya kondoo, pecorino, mkate wao usiotiwa chumvi, na mafuta ya zeituni ya shamba lenyewe. Mwenyeji mmoja, mama wa makamo, alimpa mafuta kwenye kikombe kidogo, akamwonyesha kukifunika kwa kiganja mpaka yapate joto, kisha anywe funda moja huku akivuta hewa. Shemeji akakohoa. Yanawasha kooni kama pilipili! Yule mama akapiga makofi kwa furaha, akasema muwasho huo ndio dalili ya mafuta mazuri ambayo hayajakaa sana. Shemeji alinunua madebe mawili, na nadhani ndiye aliyefurahia safari kuliko sisi sote.

Tena ndiye aliyekuwa dereva. Italia kikomo cha kilevi barabarani ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na mwenye leseni isiyotimiza miaka mitatu haruhusiwi hata tone. Kama kwenu hakuna asiyekunywa, kodini gari lenye dereva wake, gharama mtachangiana. Msiingize gari katikati ya miji ya zamani kama Siena bila kusoma vibao vya ZTL, yaani maeneo ambayo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia. Kamera zinapiga picha, na faini inakufuata hadi nyumbani. Ya dada ilifika Stuttgart baada ya miezi.

Kutema mvinyo baada ya kuuonja kulinipa taabu. Nimelelewa kwamba kutema mbele ya watu ni utovu wa adabu, na hapa unawekewa chombo maalumu mezani. Siku ya pili nilijilazimisha. Glasi ya tano niliionja nikiwa na akili ileile ya glasi ya kwanza, nikaelewa ni kwa nini watu wa kazi hii wote wanatema.

Chupa za mvinyo wa Chianti Classico utazitambua kwa picha ya jogoo mweusi. Wenyeji wanasimulia kwamba Firenze na Siena waligombania mpaka, wakakubaliana kila upande utoe mpanda farasi, aondoke jogoo wake akiwika, na watakapokutana ndipo mpaka. Siena walimlisha jogoo wao akashiba. Firenze walimnyima chakula jogoo wao mweusi, akawika kabla ya alfajiri, na mpanda farasi wao akafika karibu zaidi na Siena kuliko Firenze. Hiyo ni hadithi. Iliyoandikwa ni amri ya mwaka 1716 ya Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, iliyotaja mipaka ya eneo la Chianti. Siku hizi sheria inataka angalau asilimia 80 ya zabibu iwe ya aina iitwayo Sangiovese. Mvinyo wa kawaida hukaa miezi 12 kabla ya kuuzwa, wa daraja la Riserva 24, na wa daraja la juu kabisa, Gran Selezione, 30. Omba uonje madaraja yote matatu ya shamba moja kwa mpangilio huo, utaona muda unavyofanya kazi.

Siku moja tuliitoa kwa mji wa Montalcino, mwendo wa saa moja na nusu, kwa ajili ya mvinyo wa Brunello. Huo ni Sangiovese mtupu, na hautoki sokoni mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Nilimfikiria baba, anayelazimika kuuza mchuzi wa zabibu haraka kwa sababu ada za shule hazisubiri.

Lakini siku yangu ilikuwa ya mwisho, hapohapo Radda. Mzee wa cantina alituanzisha shambani. Aliokota jiwe la kijivu, wanaliita galestro, akalibonyeza likamegeka vipande vyembamba mkononi. Kisha akainua jani, akanionyesha maua ya mzabibu, madogo kuliko kichwa cha kiberiti, yana harufu unayoipata ukisogeza pua tu. Kutoka hapo hadi mavuno, alisema, kama siku 100. Nikamuuliza swali la baba. Wanapogoa wakati wa baridi, Januari hadi Machi, mti umelala na hauna jani hata moja. Nikamwambia kwetu hakuna baridi ya kuulaza, mkasi ndio unaouamsha, na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Akainua vidole viwili. "Due?"

Nikampigia baba kwa video. Radda ilikuwa saa tano, Dodoma saa sita. Mjukuu wa mzee alitafsiri kwa Kiingereza, mimi nikamalizia kwa Kiswahili. Baba akasogeza simu kwenye kichala chenye punje za kijani, ndogo kama mbaazi changa, na mzee akapandisha miwani kwenye paji la uso ili aone vizuri. Akaomba tusikate, akaenda stoo, akarudi na mkasi wake. Baba naye akauinua wa kwake, ule ambao mpini wake aliufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli nikiwa darasa la tatu.