Timu Inayoshinda Kila Wiki

Madison, 24 Machi 2025

Jana alasiri Wisconsin, chuo kikuu cha hapa kwetu Madison, Marekani, walichukua ubingwa wa taifa wa hoki ya barafuni ya wanawake wa vyuo, 4–3 dhidi ya Ohio State, kwenye muda wa nyongeza. Ni kombe lao la nane, na hakuna chuo kingine kilichofikisha idadi hiyo tangu mashindano haya yaanze mwaka 2001. Msimu mzima wamecheza mechi 41: wameshinda 38, wametoka sare mbili, wamefungwa moja. Leo mjini hata wasiojua kama timu ipo wamevaa nyekundu. Mimi nimefunga Ramadhani, sina hata chai ya kujishikiza, na nimeamka na swali nililokuwa nalo tangu msimu wa majani kupukutika: timu inayoshinda kila wiki unaipendaje?

Swali hili si la majivuno, lina asili yake. Nimezaliwa Tanga, kwenye nyumba ya washabiki wa Coastal Union, timu ya soka ya mji wetu. Wagosi wa Kaya walichukua ligi mwaka 1988, na kwetu mwaka ule hutajwa kama wenzetu wanavyotaja mwaka wa uhuru. Baada ya hapo tumepanda, tumeshuka daraja, tumepanda tena. Marehemu baba alikuwa akirudi kutoka uwanja wa Mkwakwani, anavua viatu mlangoni, na mama haulizi matokeo. Anatazama viatu vimewekwaje. Kwa hiyo kupenda timu, kwa malezi niliyopata, ni kazi ya subira, na furaha ikija inakuja kama mgeni asiyetarajiwa. Halafu nikaja huku, mwenzangu kazini ana tiketi za msimu na mkewe hapendi baridi, akaniambia twende. Nikapewa timu ambayo haijui kusubiri.

Wanachezea LaBahn, ukumbi mdogo wenye viti 2,273, umebanana na ule ukumbi mkubwa wa Kohl Center. Mara ya kwanza nilivaa kana kwamba naenda kuvua samaki kwenye barafu ya Ziwa Mendota, nikakuta watoto wa shule wana fulana tu na mabakuli ya bisi. Nusu ya watazamaji ni wasichana wadogo wanaocheza hoki wenyewe, wamekuja na makocha wao, na wanajua sheria kuliko mimi nitakavyozijua milele. Mmoja wa miaka kama minane alinifundisha kwa nini refa amepuliza filimbi, kwa upole kabisa, kama anavyoelekezwa bibi aliyepotea hospitalini.

Kitu kilichonishika kwanza ni benchi. Kwenye soka mchezaji akitoka ametoka. Hapa wanaingia na kutoka bila mchezo kusimama: watano wanacheza kwa sekunde 40 au 50, wanamaliza pumzi zote, wanaruka ukuta mfupi kuingia benchi huku wengine watano wakiruka kuingia uwanjani, na kile kisahani cheusi cha mpira kinaendelea kutembea. Kipa ndiye habadilishwi. Mwanzoni nilidhani ni vurugu. Baadaye nikaona kwamba nusu ya hoki iko hapo. Ukichelewa kutoka kwa sekunde tano, miguu imekwisha na wenzako wanazidiwa. Ukiwahi mno, umeacha pengo. Na mchezaji bora wa nchi, awe nani, muda mwingi wa mechi amekaa, anakunywa maji na kuangalia wenzake. Napenda mchezo unaomkalisha staa wake.

Jirani yangu, mama wa Bukavu, nilimchukua siku moja. Wachezaji wawili wakagongana ukutani, ukumbi ukatoa mlio kama gari limegonga geti. Akanishika mkono: "Dada, hawa banacheza ao banapigana?" Nikamweleza kwamba kwa wanawake kumvamia mwenzio kwa mwili ili kumwangusha ni kosa, unakwenda kukaa kifungoni dakika mbili na timu yako inabaki pungufu, ila kugombea kisahani bega kwa bega kunaruhusiwa. Akafikiri kidogo, akasema basi ni kama foleni ya maji. Hajawahi kurudi, lakini kila Jumatatu ananiuliza: "Bako banashinda?" Nami jibu langu lilikuwa lile lile wiki nenda wiki rudi, mpaka tukaanza kucheka kabla sijajibu.

Ndipo tatizo lilipoanzia. Ratiba ya vyuo kwa kawaida inakukutanisha na mpinzani yule yule siku mbili mfululizo. Aliyekufunga jana, leo unaamka naye. Kwa timu nyingi hiyo ni drama tosha. Kwa Wisconsin wa mwaka huu ilikuwa kumpiga mtu leo na kumsubiri arudi kesho. Kufikia kipindi cha pili, kati ya vile vitatu vya dakika 20, mara nyingi mambo yalikuwa yamekwisha. Nikaanza kuangalia mambo ya pembeni. Ava McNaughton golini, kwa mfano: mpira wote uko upande wa pili, yeye anakwangua barafu mbele ya goli lake kwa viatu, anasogea kushoto, anasogea kulia, halafu dakika ya kumi na tano linakuja shuti moja na inabidi awe macho kama vile alikuwa akishambuliwa muda wote. Sidhani kama kuna kazi ngumu kuliko hiyo. Nikaangalia pia wale wa safu ya nne, wanaopewa nafasi chache kwa usiku, wakikimbilia kila kisahani kilichokufa kwenye kona kana kwamba ndicho cha mwisho duniani.

Na nilimwangalia kocha. Mark Johnson ni yule yule aliyefunga magoli mawili Marekani ilipoufunga Umoja wa Kisovieti kwenye Olimpiki ya 1980. Ana timu hii tangu mwaka 2002. Baba yake alikuwa kocha wa wanaume hapa hapa. Unategemea mtu wa historia hiyo awe na makelele. Anasimama nyuma ya benchi mikono imetulia, uso wa mtu anayesubiri basi analojua litafika.

Kuhusu wachezaji wenyewe, niseme machache kwa sababu magazeti yamesema mengi. Tuzo ya Patty Kazmaier hupewa mchezaji bora wa mwaka, kwa jina la binti wa Princeton aliyefariki kwa ugonjwa wa damu mwaka 1990 akiwa na miaka 28. Mwaka huu watatu waliobaki mwishoni wote walikuwa wa Wisconsin: Casey O'Brien, Laila Edwards na beki Caroline Harvey. Haijawahi kutokea watatu wote kutoka chuo kimoja. Akachukua O'Brien, juzi Jumamosi, siku iliyoachwa wazi kati ya nusu fainali na fainali. Pointi 88, magoli na pasi za magoli pamoja. Ukimtazama huoni haraka yoyote. Pasi zake zinafika mahali ambapo mwenzake hajafika bado.

Edwards ndiye aliyefunga zaidi nchini, magoli 35. Ni mrefu, mikono mirefu, ametoka Cleveland Heights, na mwaka 2023 alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuichezea timu ya wakubwa ya taifa ya Marekani. Nilijikataza kulifanya hilo kuwa jambo kubwa. Nilitaka kumtazama kama mchezaji tu, nikijua wengine wanamtazama kwa jicho jingine usiku kucha. Lakini kwenye ukumbi ule, mimi na hijabu yangu na watu wengine wachache wa rangi yangu, ilikuwa kila akipata kisahani naegemea mbele bila kukusudia. Sijui kwa nini nilikuwa naona haya kukubali hilo. Kaka yangu wa Tanga, nilipomtumia video, alinijibu kwa sauti ndefu ya WhatsApp kwamba barafu ni ya kutia kwenye juisi ya ukwaju. Nikamkumbusha Nairobi wana uwanja wa barafu pale hoteli ya Panari tangu mwaka 2005, na kwamba Kenya mwaka jana imeingia shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Akanyamaza siku mbili. Mtani wetu wa Kenya akitutangulia huwa hatuna la kusema haraka.

Sasa fainali. Ilichezwa Minneapolis, uwanja wa Ridder. Ijumaa Wisconsin waliwatoa wenyeji Minnesota 6–2, na Ohio State wakawatoa Cornell 4–2. Hawa wawili wamekutana fainali mara tatu mfululizo. Mwaka 2023 Wisconsin walishinda 1–0, mwaka 2024 Ohio State wakajibu 1–0. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyekuwa anategemea mchezo mwepesi, isipokuwa sisi tuliozoeshwa vibaya.

Nilikuwa nyumbani. Kumi la mwisho la Ramadhani, koo kavu, msahafu uko mezani umefungwa, na najua nilipaswa kuwa wapi. Ohio State wakaongoza 3–2. Kipindi cha tatu kikaanza kuisha. Na hapo, dakika za mwisho, nilitambua kwamba nimesimama. Msimu mzima sijawahi kusimama kwa ajili ya timu hii. Sikuwa na sababu. Nilikuwa nimeshika upindo wa kanga kwa mikono miwili, namna ile ile ya mama nyumbani, kule Mkwakwani walipokuwa wakifika dakika ya tisini. Nilisema kwa sauti, peke yangu sebuleni, "Jamani, msife." Msife, kama mtu wa nyumbani anavyoambiwa.

Wisconsin wakamtoa kipa, wakaongeza mshambuliaji wa sita. Ni kamari ya kawaida kwenye mchezo huu: goli lako tupu, lakini mbele mmezidi kwa mtu mmoja. Fujo mbele ya goli la Ohio State, miguu, magongo, watu chini. Kisahani hakikuingia. Johnson akaomba waamuzi waangalie picha. Sheria inasema mchezaji asiye kipa akikifunika kisahani kwa mkono ndani ya eneo la kipa, wapinzani wanapewa penalti. Waamuzi waliangalia muda mrefu sana. Wakatoka, wakaelekeza katikati ya uwanja. Zimebaki sekunde 18.9.

Penalti ya hoki si kama ya soka. Unaanzia katikati peke yako, unakuja na kisahani kwenye gongo lako, kipa anatoka kukukabili, na wote wengine wamesimama wanatazama. Johnson angeweza kumchagua mchezaji bora wa nchi, au aliyefunga magoli mengi kuliko wote. Akamtuma Kirsten Simms, ambaye ndiye aliyefunga lile goli pekee la fainali ya 2023. Akaja, akamvuta kipa Amanda Thiele, akafunga. 3–3. Muda wa nyongeza haukufika hata dakika tatu: kisahani kikarudi kutoka kwa kipa, Simms yuko pale pale, 4–3.

Nilipiga kelele mpaka jirani wa Bukavu akagonga mlango. Hakuuliza kama wameshinda. Aliuliza nani ameumwa.

Ila nikiwa mkweli kwenye shajara yangu, wakati wanarushiana kofia na glavu mimi nilikuwa nawaangalia wale wa Ohio State. Walibakiwa na sekunde 18.9. Wangeshinda, ningewapa haki yao, na nadhani ningelala nikiwa Badger, kama wanavyoitwa watu wa Wisconsin, zaidi ya nilivyo leo. Thiele amepiga magoti, mchezaji mmoja amelalia gongo lake. Hao nawajua. Nimekulia nao nyumba moja.

O'Brien amemaliza, huu ulikuwa mwaka wake wa tano. Edwards, Harvey na Simms wamebakiza mmoja, lakini Februari 2026 kuna Olimpiki kule Milano, na wanaoitwa timu za taifa watakuwa wanaondoka katikati ya msimu. Mwenzangu kazini asubuhi alikuwa analalamika kwamba timu itakuwa mapande-mapande na huenda wakaanza kufungwa. Nimemwambia aniuzie tiketi zake za Februari kama hazitaki.