Usiku baba aliposema amechoka

Aliniita saa nane za usiku, sauti imekwisha kuwa nzito. "Mwanangu, nimechoka. Kama ipo dawa ya kunipumzisha, mwambie daktari anipe."

Nikamjibu mbiombio: "Usiseme hivyo, baba, utapona." Ulikuwa uongo, na yeye alijua. Ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli ulishachukua mikono, kisha miguu, sasa ulikuwa kooni. Akili haukuigusa.

Kesho yake niliomba aongezewe dawa ya maumivu. Hata sikumuuliza kama anaumwa.

Baadaye ndipo nilipoanza kusoma. Kule Oregon, Marekani, tangu 1997 mtu mzima mwenye akili timamu, ambaye madaktari wawili wameona hatavuka miezi 6, anaweza kuandikiwa dawa ya kukatisha uhai na kuimeza mwenyewe. Sababu inayotajwa sana na wanaoiomba si maumivu. Ni kupoteza uwezo wa kujiamulia. Na takriban theluthi ya wanaoandikiwa hufa bila kuitumia. Niliposoma hapo nikalia, maana nilimwona baba: huenda alitaka tu kujua kwamba neno lake bado lina uzito.

Diane Pretty wa Uingereza, aliyeugua ugonjwa huohuo, alitaka mumewe amsaidie kufa bila kushtakiwa. Mwaka 2002 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimkatalia. Akafariki siku chache baadaye. Naamini alionewa. Mtu kama yeye, kama baba, nisingemnyima.

Ila karibu nusu ya hao wa Oregon hutaja pia hofu ya kuwa mzigo, na hapo moyo wangu husita. Nilipokuwa nikimgeuza baba kitandani nilishusha pumzi kwa nguvu, na masikio yake yalikuwa mazima. Lile ombi lilikuwa lake, au nililipanda mimi kwa pumzi zangu?

Daktari alipopendekeza mrija wa kulishia, nilitaka kukubali papo hapo. Nikajizuia, nikamuuliza mwenyewe. Akakataa, na hilo sheria ilimruhusu.

Aliishi wiki 9 zaidi. Kila asubuhi nilimuuliza kabla ya kumgusa: nikugeuze, au nikuache kwanza? Kufumba macho mara mbili kulimaanisha niache. Nilikaa kando, nikangoja.